Fedha ya Msafiri Ugenini

Lugha yetu ina maneno matatu ambayo wanafunzi huyatamka bila ya kujiuliza yalikotoka: sarafu, hawala na hundi. La kwanza latokana na Kiarabu, na katika lugha hiyo ni jamaa ya jina la mtu ambaye kazi yake ni kubadili fedha za watu. La pili, la Kiarabu vilevile, lina maana ya kuhamisha, yaani deni kutolewa katika shingo moja na kutiwa katika shingo nyingine. La tatu lilivuka bahari pamoja na wafanyabiashara wa Bara Hindi, ambao tangu zamani waliandikiana hati za kulipana katika miji iliyo mbali. Maneno yote matatu yalizaliwa na shida moja: mtu yuko huku, mali yake iko kule.

Shida hiyo ndiyo niitakayo kuieleza. Vijana wetu wengi siku hizi huenda ng'ambo peke yao, kwa masomo au kwa kazi, kila mmoja na kadi ya benki mfukoni. Kadi ikikubaliwa, mwenyewe hana habari nayo. Ikikataliwa, mtu aliyekuwa na akiba asubuhi huwa fukara adhuhuri, hali hajapoteza hata senti moja. Kijana aliyepatwa na jambo hili huenda akadhani kuwa ni msiba wa zama hizi, ulioletwa na mitambo. Sivyo. Tangu zamani mali ya msafiri haikuwa kile alichochukua mkononi tu. Ilikuwa pia neno la mtu amjuaye, lililotangulia mbele yake au lililofuata nyuma yake. Neno hilo lilipokosa kufika, msafiri alibaki na nguo zake na akili zake.

Nitaanza na mtu wa Uajemi, jina lake Nasir Khusraw, aliyezaliwa mwaka 1004. Huyu alikuwa karani wa serikali mjini Marw, na kazi yake ilihusu hazina, yaani fedha za watu wengine. Mwaka 1046 alishika njia, wala hakurudi kwao hata mwaka 1052, baada ya kuona Yerusalemu, Misri na Maka. Habari za safari yake aliziandika katika kitabu kiitwacho Safarnama. Alifuatana na ndugu yake na mtumishi mmoja, lakini kwa habari ya fedha walikuwa sawa na mtu mmoja, maana mfuko wao ulikuwa mmoja.

Mwaka 1050 Nasir alifika Aswan, kusini ya Misri, akapata rafiki huko. Rafiki huyo alipojua kuwa mgeni wake anakwenda Aydhab, bandari ya Bahari ya Sham, alimwandikia barua kwa wakili wake aliyekuwa huko. Barua iliagiza kwamba Nasir apewe chochote atakachohitaji, atoe stakabadhi, na deni liandikwe juu ya mwandishi wa barua. Nasir alikaa Aydhab miezi mitatu akingojea kuvuka kwenda Jiddah, na fedha zikamwishia. Akaitoa ile barua. Wakili hakumjua Nasir hata kidogo, lakini aliujua mkono wa bwana wake. Akampa mani 100 za unga, nao unga katika bandari ile ulikuwa ghali. (Mani ni kipimo cha uzito cha zama zile.) Nasir akaandika stakabadhi, ikapelekwa Aswan, na mambo yakaisha. Hapakuwa na benki, wala simu, wala mtambo. Palikuwa na karatasi moja na watu wawili walioaminiana.

Mwaka uliofuata hakuwa na barua. Alipotoka Maka alipita katikati ya Bara Arabu, akakwama mahali paitwapo Falaj kwa muda wa miezi minne. Watu wa hapo walikuwa maskini na wenye vita, na Nasir hakuwa na kitu cha dunia ila vikapu viwili vya vitabu, ambavyo hapakuwa na mtu wa kuvinunua. Lakini alikuwa na rangi kidogo, nyekundu na buluu. Kwa kuwa hakuwa na kazi, aliandika mstari wa shairi juu ya ukuta wa msikiti, akaupamba kwa majani na matawi. Wenyeji walikuwa hawajaona kitu kama kile. Wakakusanyika kutazama, kisha wakamwambia kuwa akiipamba mihrabu yao watampa mani 100 za tende. Akaipamba. Tende hizo ndizo zilizomweka hai, yeye na wenziwe.

Hatimaye alikuja mtu mwenye ngamia, akakubali kuwachukua hadi Basra kwa mkopo wa dinari 30, hali katika nchi ile ngamia mzuri aliweza kununuliwa kwa dinari mbili au tatu. Nasir alijua hesabu vizuri, naye aliona wazi kuwa anaonewa. Alikubali. Asiye na fedha ugenini hanunui kwa bei ya watu wengine. Jambo hilo nalo halijabadilika, kama atakavyokwambia yeyote aliyepata kubadili noti zake usiku katika kiwanja cha ndege.

Walipoingia Basra, mwaka huo wa 1051, walikuwa uchi au karibu na uchi, kila mmoja na kitambaa kibovu kiunoni na kipande cha gunia mgongoni kwa ajili ya baridi. Muda wa miezi mitatu hawakuwa wameoga vizuri. Nasir aliuza mfuko mdogo alimotia vitabu, akafunga vipande vichache vya fedha katika karatasi, akaenda kwenye hamamu. Mtunza mlango alipowatazama aliwadhania kuwa wendawazimu, akawafukuza. Watoto waliokuwa wakicheza nje wakawatupia mawe.

Sasa msomaji na aangalie alivyofanya. Katika mji ule palikuwa na waziri, mtu wa Uajemi, mpenda elimu, na Nasir alijuana na mwanachuoni mmoja aliyekuwa akiingia kwa waziri yule. Habari zake zikafika, na waziri akamwita aje kama alivyo. Nasir aliona haya kwenda na matambara yake. Badala ya kwenda, aliandika barua fupi ya kuomba radhi, akisema kwamba atakuja baadaye. Yeye mwenyewe aeleza sababu zake, nazo zilikuwa mbili: kwanza, waziri ajue umaskini wake, pili, kwa kuisoma barua, apate kupima kiasi cha elimu ya mwandishi. Waziri alisoma, akamletea papo hapo dinari 30 za kununua nguo. Baadaye deni la mwenye ngamia nalo lililipwa. Siku chache zikipita, Nasir na nduguye wakarudi kwenye hamamu ileile. Mtunza mlango akasimama, wote waliokuwamo wakasimama, na wahudumu wakaanza kunong'onezana kwa Kiarabu kwamba hawa ndio wale waliofukuzwa juzi. Walidhani mgeni hajui lugha hiyo. Nasir akawajibu kwa Kiarabu chenyewe kwamba wamesema kweli, ndio haohao waliokuwa na magunia mgongoni.

Nimekaa sana na Nasir kwa sababu katika habari yake zimo karibu njia zote alizo nazo mtu aliyeishiwa katika nchi ya watu: barua ya dhamana, kazi ya mikono, mkopo wa kuonewa, kuuza kitu, na kumtafuta mtu wa kwao atakayesema neno kwa ajili yake. Waliokuja baadaye waliongeza machache.

Karibu miaka mia tatu baada yake alitokea Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier mwaka 1304, aliyeondoka kwao peke yake mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21. Msafiri huyu twamhesabu kuwa jirani, kwa sababu mnamo mwaka 1331 alipita katika pwani yetu, akalala Mombasa usiku mmoja, akaendelea hadi Kilwa. Kabla ya hapo alishuka Mogadishu, akaona desturi ambayo yafaa kukumbukwa. Jahazi lilipotia nanga, vijana wa mji walikuja kwa mashua na sahani za chakula, na kila mmoja akampa mfanyabiashara mmoja akisema, huyu ni mgeni wangu. Tangu hapo mgeni hakufikia mahali pengine ila kwa mwenyeji wake, naye mwenyeji ndiye aliyemwuzia bidhaa zake na kumnunulia alizotaka. Mtu yeyote aliyenunua kwa mgeni kwa bei ya hila, au aliyemwuzia kitu pasipokuwapo mwenyeji, biashara yake ilihesabiwa kuwa batili. Wengine wataona kuwa desturi hiyo ilimnyima mgeni uhuru. Mimi naona ilimwokoa, maana mtu asiyejua bei ya nchi ni windo la kila mwenye ulimi.

Na bei ya nchi ni jambo zito. Katika visiwa vya Maldives Ibn Battuta aliona watu wakitumia kauri kuwa fedha, wakizivua baharini. Dinari moja ya dhahabu ilinunua kauri 400,000, na wakati mwingine zikashuka thamani hata zikafika 1,200,000. Miaka kiasi cha kumi baadaye alifika Mali, Afrika ya Magharibi, akakuta kauri zilezile zikibadilishwa kwa dinari moja 1,150 tu. Kauri ni ileile, dhahabu ni ileile. Lililobadilika ni mahali. Simbi hizo zilifika mpaka Buganda pia, na hata leo Waganda huita fedha ensimbi. Mwanafunzi anayelalamika kwamba shilingi zake zimepungua alipozibadili huko ng'ambo na azikumbuke kauri hizi.

Ibn Battuta mwenyewe alipotelewa na kila kitu zaidi ya mara moja. Sultani wa Delhi alimtuma China na zawadi nyingi. Njiani, karibu na mji uitwao sasa Aligarh, alitekwa na wanyang'anyi, akatangatanga siku kadhaa peke yake. Kisha huko Calicut, karibu na mwaka 1342, dhoruba iliivunja jahazi kubwa iliyochukua zawadi za Sultani, na chombo kilichochukua mizigo yake na watumishi wake kikaondoka bila yeye. Akabaki pwani na dinari kumi na zulia aliloligeuza kitanda. Aliogopa kurudi Delhi. Akaenda Maldives, na huko elimu yake ya sheria ikamfanya kuwa kadhi.

Hebu sasa turudi katika nchi zetu. Katika karne ya 19 msafiri aliyeingia bara kutoka Bagamoyo hakuwa na fedha ya kutia mfukoni. Alichukua merikani, kaniki, ushanga na nyaya za shaba, na fedha hiyo ilihitaji vichwa vya wapagazi. Ubaya wake mkubwa haukuwa uzito. Ushanga ulikuwa na mtindo: rangi iliyopendwa katika nchi moja ilikataliwa katika nchi ya pili, na mtu aliyekosea kuchagua huko Unguja aliweza kulala na njaa mbele ya soko lililojaa, na mizigo yake imejaa pia.

David Livingstone alilijua jambo hili vizuri, naye aliagiza bidhaa kutoka Unguja zimtangulie Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Tarehe 23 Oktoba 1871 alirudi Ujiji kutoka Manyema, mgonjwa na amekonda, akitumaini kuikuta akiba yake. Hakukuta kitu. Mtu aliyekabidhiwa mali alikuwa amepiga ramli, ramli ikamwambia kuwa Livingstone amekufa. Basi akauza kila kitu kwa pembe za ndovu. Kati ya yadi 3,000 za nguo haikubaki hata moja, na kati ya ratili 700 za ushanga haukubaki hata uzi mmoja. Livingstone aliandika katika kitabu chake cha kila siku kwamba alikuwa amejitayarisha kungojea, lakini hakupata kufikiri kuwa angengojea katika hali ya kuombaomba.

Hata hivyo mambo mawili yalimzuia asiangamie. Kabla ya kwenda Manyema aliweka vitu vichache vya kubadilishana kwa Mohamed bin Saleh, mbali na akiba kubwa, kwa ajili ya siku ya shida kubwa. Tena mtu mwingine wa Ujiji, Said bin Majid, alimwambia kuwa atauza sehemu ya pembe zake na kumpa mali itakayopatikana. Livingstone alimshukuru, akasema kuwa bado, labda baadaye. Haukupita muda mrefu Henry Morton Stanley akaingia Ujiji na msafara wake, na hadithi hiyo yajulikana na kila mtoto wa shule. Huyo mtu aliyeweka kibindo kidogo mahali pengine, pamoja na yule tajiri aliyekuwa tayari kuuza pembe zake, hawatajwi sana madarasani. Mimi naona wastahili kutajwa.

Huko Ulaya mambo yalikwenda kwa njia ya karatasi. Mwaka 1772 benki moja ya London, chini ya Robert Herries, ilianza kutoa hati ambazo msafiri aliweza kuzigeuza kuwa fedha katika miji 90 ya Ulaya. Mwaka 1891 kampuni ya American Express ilitoa hundi za wasafiri. Yasemekana mkuu wa kampuni hiyo, J. C. Fargo, alisafiri Ulaya na barua za benki, akaona kuwa nje ya miji mikubwa hazikuthaminiwa. Ufundi wa hundi hizo mpya ulikuwa mwepesi ajabu: mwenyewe alitia sahihi mara ya kwanza alipozinunua, na mara ya pili mbele ya mlipaji. Sahihi mbili zikilingana, alilipwa. Msafiri alikuwa amefanywa shahidi wa nafsi yake. Nazo zilipoibwa, kampuni ilitoa nyingine badala yake, jambo ambalo noti haiwezi.

Kadi zilifuata. Diners Club ilianza New York mwaka 1950, na kadi yake ya kwanza ilikuwa ya karatasi ngumu. Mwaka 1958 benki ya Bank of America ilitoa yake katika mji wa Fresno, California, nayo ndiyo iliyokuja kuitwa Visa mwaka 1976. Tarehe 27 Juni 1967 benki ya Barclays iliweka mtambo wa kutolea noti huko Enfield, kaskazini ya London, na mtu akaweza kupewa fedha na ukuta. Wakenya hawakufaidi mambo haya mara moja. Zama za sheria ya kudhibiti fedha za kigeni, iliyofutwa mwaka 1995, aliyetaka kubadili shilingi kwa safari ya ng'ambo alihitaji kibali kwanza.

Je, kadi ni nini? Ukiitazama vizuri, ni ile barua ya Aswan. Kadi yenyewe haina fedha ndani. Ukiitia katika mtambo huko ugenini, mtambo huuliza benki yako nyumbani kama akujua, na jibu hurudi kwa muda mfupi kuliko pumzi. Tofauti ni kwamba wakili wa Aydhab aliweza kumtazama Nasir usoni na kumwuliza maswali, lakini mtambo hauna macho wala huruma. Benki ikiona kadi ya mtu wa Nakuru inatumika ghafula katika nchi ya mbali, yaweza kushuku kuwa imeibwa, ikaifunga. Hiyo ni ramli ya Ujiji kwa namna nyingine: mlinzi wa mali ameamua kuwa mwenye mali si yeye. Wengine hukwama kwa sababu benki hutuma tarakimu za siri kwenye simu, nayo laini ya simu ya nyumbani haifanyi kazi kule. Wengine husahau namba yao ya siri kwa hofu, wakabahatisha mara tatu, kadi ikafungwa au ikamezwa.

Kijana aliyepata kusoma chuoni petu aliwahi kuniandikia kutoka Ulaya juu ya siku nne za namna hiyo. Benki yake, ambayo sitaitaja, haikupokea simu kwa kuwa ilikuwa mwisho wa juma, na mwanzo wa juma ukawa sikukuu. Hakuwa na kadi ya pili. Alikuwa na namba ya shangazi yake, aliyoiandika kwa wino ndani ya jalada la kamusi, na kwa namba hiyo shangazi alimtumia fedha kwa jina lake, akazipokea dukani kwa kuonyesha pasipoti. Siku mbili za kwanza alikula kwa Mkenya mwenzake ambaye hakupata kumwona kabla ya hapo. Katika barua yake alinieleza kwamba kilichomwuma zaidi ya njaa ni kusimama mbele ya mwuza mkate, na foleni nyuma yake, akiambiwa kuwa kadi imekataa. Nilipoisoma barua hiyo nilikumbuka mlango wa hamamu ya Basra.

Siku hizi wasafiri wenye busara huigawa kadi ya pili na noti chache mbali na kadi ya kwanza, huiarifu benki kabla ya kuondoka, na huandika namba za benki katika karatasi, si katika simu tu. Noti nazo zina mipaka yake, kama ule ushanga uliopitwa na mtindo. Tangu Julai 2014 mabasi ya London hayapokei fedha taslimu. Mgeni aliyeshuka usiku na pauni halali mkononi, asiye na kadi wala tiketi, akisimamisha basi, dereva hatazipokea pauni zile.